Ukweli uliomo ndani ya neno "very"

Jana jioni, barazani kwetu Nkuhungu hapa Dodoma, nilikuwa nikisahihisha insha ya binti yangu wa kidato cha pili, ambaye alikuwa ameandika neno la Kiingereza "very" mara nne mfululizo ili kusifu utamu wa zabibu za Hombolo. Nilipomkanya, akaniuliza: "Baba, kwani asili ya neno hilo ni nini?" Sikuwa na jibu, nikafungua kamusi.

Kumbe mzizi wake ni neno la Kilatini "verus", lenye maana ya "kweli", ambalo lilipitia Kifaransa cha kale na kuingia Uingereza katika zama zilizofuata ushindi wa mwaka 1066 wa Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, likawa kwanza kivumishi cha kitu halisi, kisha kielezi chenye maana ya "kwa kweli", na mwishowe likafifia hadi likabaki "sana" tu. Ndugu zake "verify" (kuthibitisha) na "verdict" (uamuzi wa mahakama) wameushikilia ukweli mpaka leo.

Nasi husema "jua la leo ni kali kweli", ingawa hakuna aliyelibishia jua la Dodoma. Binti amefuta matatu. La nne amelibakiza, akidai kwamba zabibu hizo ni tamu kweli.