Longonot peke yangu
Jamani leo nimepanda Mlima Longonot peke yangu. Nimetoka Nairobi saa kumi na moja asubuhi nikijua saa moja niko geti, kumbe kwa ule mteremko wa kushuka Mai Mahiu malori yamejipanga foleni, ukungu mzito, tunasogea kidogo tunasimama, na nikimaliza tu kushuka tairi ya nyuma pancha halafu spea nayo haina upepo!! Dereva mmoja wa lori ndo akanijazia, akakataa hata pesa ya chai, Mungu ambariki sana popote alipo.

Nikaanza kupanda saa nne, jua kali. Kile kipande cha mwisho kabla ya ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkeno juu ya mlima, ni vumbi tupu la majivu ya volkeno, unapiga hatua unateleza unarudi nusu. Lakini nilipochungulia ndani... msitu mzima uko huko chini, kijani, kimyaaa. Nikalia. Nikazunguka ukingo wote kama kilomita 7, nikapita kilele, mita 2,776, Ziwa Naivasha linang'aa kule mbali. Mwaka huu umenibana sana, nilihitaji hii siku. Mnaoenda bebeni maji lita 3, na spea muiangalie mkiwa bado nyumbani.