Gorofa ya chini, Barabara ya Gagarin 214

Mwezi wa sita 2018 nikajikuta Nizhny Novgorod, na sikwenda kwa ajili ya historia wala nini, nilifuata mpira, Argentina na Croatia tarehe 21, tiketi nimeipata kwa mbinde. Treni toka Moscow ilikuwa bure kwa wenye tiketi, kilomita mia nne na ushee, behewa zima Waargentina wanaimba usiku kucha, nani alale. Jamaa yangu anayesoma udaktari pale kanipokea stesheni na neno la kwanza, "We unajua zamani mgeni alikuwa hakanyagi hapa?" Enzi za Sovieti mji uliitwa Gorky, viwanda vya silaha kibao, watu wa nje marufuku mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90. Ndo maana wakamtupa huku Andrei Sakharov, mwanafizikia aliyekuwa anaipinga serikali, waandishi wa nje wasimfikie.

Mechi ilikuwa saa tatu usiku, siku nzima tunayo, tukapanda marshrutka (daladala zao, kubanana ni kulekule) kwenda anakokaa Sakharov, samahani, alikokuwa anakaa, siku hizi ni makumbusho. Nilitegemea jengo la maana, kumbe ni ghorofa la kawaida kabisa, watu wanaishi, nguo zimeanikwa juu, na flati yenyewe iko chini pale usawa wa barabara. Wakati ule pembeni ya mlango kulikuwa na polisi saa 24, anayekuja kusalimia anadakwa anahojiwa.

Mama anayetembeza wageni ni mtu mzima, jamaa akawa ananitafsiria. Huyu bwana ndiye aliyekuwa kichwa cha bomu la haidrojeni la Sovieti, nishani za juu tatu, kisha akageuka kutetea haki za watu, Nobel ya Amani 1975 mkewe Elena Bonner ndo alienda kuipokea. Alipopinga jeshi kuingia Afghanistan wakamkamata barabarani Moscow tarehe 22 Januari 1980, siku hiyohiyo ndege, Gorky. Kesi hakuna, hukumu hakuna. Na humo ndani wakamwekea na mwenye nyumba, bibi mmoja wa kukaa naye tu! Redio nayo walikuwa wanaivuruga makusudi pale nyumbani, ikabidi akitaka habari atoke na kiredio chake akasikilizie nje huko, kwenye baridi ya Urusi jamani.

Ila kilichonishika ni habari ya begi. Wale makachero wakijua katoka wanaingia wanapekua, sasa yeye akawa haachi kitu, miswada, shajara, karatasi za fizikia, kiredio, vyote kwenye begi moja zito anazunguka nalo kila aendako, mzee wa miaka sitini na ana moyo mbovu. Machi 1981 yuko kwa daktari wa meno, begi likaibwa. Mamia ya kurasa za maisha yake yamekwenda. Akaanza upya. Oktoba 1982 kakaa kwenye gari lake anamsubiri mkewe, kuja kuzinduka kioo kimevunjwa begi hakuna, mwenyewe aliamini walimpulizia dawa. Akaandika tena!! Nikamuuliza yule mama alikuwa anapata wapi nguvu, akainua mabega tu, akatupeleka kwenye simu.

Hiyo simu nayo. Miaka karibu saba nyumba haina simu, halafu usiku wa 15 Desemba 1986 mafundi hao wamekuja kufunga, wanaambiwa kesho mtapigiwa. Kesho yake mchana inalia, ni Gorbachev, kiongozi wa Sovieti mwenyewe, rudini Moscow. Tarehe 23 wakawa wamefika. Usalama walikuwa wanamwita Asket kwenye makaratasi yao, mtu wa kujinyima, na mkewe Lisa, mbweha, majalada yao zaidi ya 500 wakaja kuyachoma 1989. Yaani wamemwibia kurasa zake miaka yote hiyo halafu za kwao ndo zikaishia motoni.

Jioni basi la uwanjani limejaa, nimening'iniza ile kadi ya shabiki shingoni, jina, picha na namba yangu, begi nimelikumbatia kwa mbele maana wezi wa mifuko nilishaonywa. Jamaa kaniangalia kaanza kucheka, "Sakharov, hebu sogea nipite." Argentina wakapigwa tatu bila.