Nilivyokisoma Kichina kwa sikio la madrasa

Kwetu Mkoani, Pemba, madaktari wa Kichina wa Hospitali ya Abdalla Mzee ni watu wa kawaida, unakutana nao hata sokoni. Lakini niliposema nakwenda Unguja kusomea lugha yao na jamii yao, mjomba alishangaa. "Sasa ukimaliza utatibu?" Nikamwambia, "Sitatibu, mjomba, nitasema tu." Hakuridhika.

Watu walinitisha kwa herufi. Herufi zina subira, zinakungoja karatasini. Shughuli ni toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Kichina sanifu kina toni nne, ukiacha ile hafifu, na ukikosea toni umesema neno jingine. Kilichonisaidia ni tajwidi, kanuni za kutamka sawasawa herufi za Kurani. Ustadhi wangu alikuwa ukimsomea sini mahali pa swadi anakurudisha mwanzo wa aya, wala hakwambii umekosea wapi; utafute mwenyewe. Sikio lililopitia hapo halichoki. Basi nikafanya vilevile: nasikiliza sentensi nzima, naifuatisha kwa sauti, najirekodi kwenye simu, nalinganisha. Wenzangu waliokariri neno mojamoja walinizidi msamiati, lakini madaktari walinielewa mimi (hapo natamba kidogo, mniwie radhi).

Herufi nilizivunja vipande. Alama ya matone matatu ya maji upande wa kushoto utaikuta kwenye herufi za mto, ziwa, bahari, na hata mwanzoni mwa jina la Jiangsu, jimbo linalotuletea madaktari Zanzibar tangu miaka ya 1960. Nikiwa kwenye boti, bando limekwisha, nilifungua kamusi ya Pleco, maana inafanya kazi bila intaneti.

Wengi darasani walitaka ukalimani tu, kozi za jamii wakaziona mzigo. Mimi huko ndiko nilikonogewa, hasa tulipofika kwenye hukou, usajili wa kaya uliowekewa sheria mwaka 1958. Kila Mchina ana mahali alipoandikwa, na kwa muda mrefu aliandikwa wa kilimo au asiye wa kilimo, akirithi kwa mzazi. Aliyetoka kijijini kwenda kufanya kazi mjini angeweza kukaa huko miaka na mtoto wake akapata taabu ya kuingia shule ya serikali. Mwaka 2014 serikali yao ilitangaza kuondoa mgawanyo huo wa kilimo na usio wa kilimo, ingawa usajili wenyewe ulibaki.

Wenzangu kutoka bara waliona jambo geni. Sisi wa visiwani tulitazamana. Bila barua ya sheha, yule kiongozi wa serikali mtaani, na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, unajua mwenyewe utakavyozungushwa. Si kitu kimoja, na sikutaka kulazimisha; ukaazi wetu haugawi wakulima na watu wa mjini. Ila swali la nani anahesabika wa wapi nililijua kabla sijafungua kitabu, na ndilo nililoliandikia insha ya mwisho.

Mwalimu wetu, Mchina, aliirudisha ikiwa na swali moja pembeni kwa wino mwekundu: sheha ni nani? Nikamwandikia ukurasa mwingine mzima.