Uji Unaopashwa Mara Mbili

Nimeingia Babati saa mbili usiku, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi tangu Dodoma. Begani nina lile begi jeusi la semina ambalo kila mtumishi wa afya nchi hii analo matatu au manne nyumbani, mke au mume ameshayafanya ya kuendea sokoni. Ndani yake kuna daftari, cheti, kalamu iliyokwisha wino siku ya pili, na kuponi moja ya chakula cha mchana ambayo haikutumika. Hiyo kuponi ndiyo inayonikosesha usingizi.

Semina ilikuwa ya siku tano, juu ya watoto wenye mtindio wa ubongo na namna ya kuzisaidia familia zao. Tulikuwa watu wa fiziotherapia kama mimi, wauguzi, maafisa lishe, maafisa ustawi wa jamii. Siku ya kwanza sina la kusema. Ufunguzi, utambulisho, makofi ya kilo, na mada ndefu kuhusu PJT-MMMAM, ile programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021. Programu yenyewe naipenda. Kifupisho chake hata anayekitamka huvuta pumzi kwanza.

Siku ya pili tulikaa wawili wawili. Mmoja aliambiwa aangalie dari, mwenzake amlishe biskuti iliyolowekwa kwenye chai, akiwa amesimama juu yake. Jaribu mwenyewe hapo ulipo: inua kidevu mpaka uone dari, kisha meza mate. Koo linagoma. Kichwa kikilala nyuma, njia ya hewa inabaki wazi na chakula kinaweza kuingia kusikotakiwa. Mimi nilipaliwa mpaka machozi yakanitoka, ukumbi mzima ukacheka, na mwenzangu, muuguzi wa miaka mingi, akawa ananipiga mgongoni huku anasema, "Pole jamani, ndivyo tunavyowafanya." Hakusema tena neno mpaka chai ya saa nne.

Siku ya tatu akaletwa mama mmoja na mwanawe wa miaka minne. Alikuja kwa bajaji kutoka Chang'ombe, mtoto mgongoni, beseni la plastiki mkononi. Mlinzi wa getini alidhani amekuja kufua. Ratiba ilimpa dakika kumi: aeleze historia, aonyeshe anavyombeba. Akaeleza. Mtoto alichelewa kulia. Akina mama wetu husema hivyo wakimaanisha hakupumua mara alipozaliwa, na ukishasikia maneno hayo matatu kwenye kliniki yangu hujaza nusu ya fomu bila kuuliza zaidi. Wengine watasema manjano iliyozidi siku za mwanzo, au malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Akaonyesha anavyombeba, makofi yakapigwa, mwezeshaji akasema ahsante sana mama, slaidi inayofuata.

Mchana jina lake halikuwa kwenye orodha ya chakula. Alisaini karatasi nyingine, ya nauli, na karatasi ya nauli haina kuponi. Kiwango chake sitakiandika. Niseme tu kwamba posho yangu ya siku moja ingemlipia bajaji nyingi. Nikamfuata nje nimpe kuponi yangu.

"Ahsante daktari. Ngoja huyu ale kwanza, nakuja."

Nikakaa kumsubiri, nikidhani ni dakika kumi.

Alitandika kanga chini ya mti, akaweka beseni, akamketisha mtoto ndani yake. Kanga mbili nyingine alizikunja kama mito akazishindilia huku na huku kiunoni, na kitambaa kidogo nyuma ya shingo. Mtoto ambaye ukumbini alikuwa anajikaza na kupinda nyuma kama upinde, ndani ya beseni akatulia, mikono ikaja mbele, kidevu kikashuka. Naye akakaa chini kabisa, chini kuliko uso wa mtoto. Uji ulikuwa mzito, wa kushikamana na kijiko. Kijiko kilikuja kutokea chini, usawa wa kidevu, kikagusa ulimi, kikaukandamiza kidogo. Halafu akangoja. Hakukung'uta kijiko kwenye meno ya juu kama tunavyofanya wote. Alingoja midomo ifunge yenyewe, akalitazama koo, likapanda, likashuka. Kijiko cha pili.

Mtoto akikohoa, wanapumzika. Uji ukapoa. Akainuka akaenda kuomba moto kwa wapishi, akarudi. Ukapoa tena, akaenda tena. Aliporudi mara ya pili nilimuuliza kama na nyumbani ni hivyo.

"Nyumbani hivyohivyo. Asubuhi, mchana, jioni. Uji wake lazima upashwe mara mbili."

Nilikuwa nimeangalia saa. Dakika hamsini. Mara tatu kwa siku ni saa mbili na nusu, kulisha peke yake, kabla ya kuogesha, kabla ya vitumbua anavyouza ili uji wenyewe upatikane. Na sisi humpa karatasi yenye picha sita za mazoezi, asubuhi na jioni, dakika ishirini ishirini. Asiporudi kliniki tunaandika "hana ushirikiano".

Aliponyanyuka, wapishi walikuwa wanasuuza masufuria. Tulikula karanga za kupima, nje ya geti, mimi na yeye. Kuponi ikabaki mfukoni.

Kuna kadi moja ambayo nimeikumbuka safari nzima, kuanzia Kondoa mpaka naona taa za mjini. Miaka kama sita iliyopita, mtoto wa kike, uzito uko chini ya mstari mwekundu, kifua kinakoroma. Niliandika kwa mwandiko wangu: "Lishe duni. Mama aelimishwe." Nikamwelimisha, dakika tano: maziwa, dagaa, parachichi, mara tano kwa siku. Alinijibu "sawa daktari" na akaifunga kanga yake. Sikumwambia anilishie mtoto pale nione. Sikujua kwamba ndilo jambo la kuuliza. Hawakurudi tena, na kijiji chao nilikifahamu, ningeweza kwenda.

Siku ya nne mwezeshaji mmoja alitaja Hospitali ya Haydom, na mimi mtu wa Manyara nikakaa vizuri. Mwaka 2010 wakunga na wauguzi wa hospitali ile walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: kumkausha, kumsugua mgongo, kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, ile inayoitwa dakika ya dhahabu. Walipopimwa baadaye kwa mdoli, walifanya vizuri kuliko mwanzo. Lakini chumba cha kujifungulia kikabaki vilevile. Vitendo kwa watoto halisi havikubadilika. Ndipo wakahamishia mafunzo kazini kwenyewe. Mdoli akakaa wodini, mazoezi mafupi ya dakika chache, tena na tena. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11 hivi kwa kila 1,000 waliozaliwa hadi 7 hivi.

Tuliyaandika hayo kwenye madaftari tukiwa tumekaa kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe, kilomita mia kadhaa kutoka kwenye kliniki zetu, siku ya nne ya tano. Nilitazama kushoto na kulia kuona kama kuna mwingine anayejizuia kucheka. Yule muuguzi wangu wa biskuti alikuwa ameinamia meza, mabega yanatetemeka.

Kesho mganga mfawidhi atataka mrejesho wa slaidi, na nitamwandalia. Posho nimeipokea, siwezi kujifanya malaika. Sina pia ubishi na mazoezi. Mwili wa mtoto hukaza kadiri anavyokua hata kama jeraha la ubongo haliongezeki, na bila kunyooshwa viungo vinajifunga. Ila nimeanza kufikiri kwamba lile beseni lilikuwa linamfanyia yule mtoto sehemu ya kazi ninayoiandika kwenye karatasi, mara tatu kwa siku, huku anakula.

Alhamisi ni kliniki. Kabla ya kufungua daftari hili nimewatumia ujumbe akina mama watatu: njooni na uji wa mtoto na kijiko anachokizoea, nataka nione anavyokula, sitasema kitu. Mmoja ameshajibu.

"Sawa daktari. Tumvalishe nguo nzuri? Kuna wageni wanakuja kupiga picha?"