Bagamoyo kila mtu ni muungwana

Mama aliniruhusu kwenda kusoma chuo cha Wabaptisti kwa sharti moja, swala zisinipite. Majirani zetu wa Dunda, hapa Bagamoyo, ndio waliokuwa na hofu. Mtoto wa Kiislamu, tena wa kike, anakwenda Marekani kukaa na wachungaji, si atarudi kabatizwa huyo? Miaka imepita, nimerudi, na la kwanza nililoulizwa barazani baada ya salamu ni hilo hilo. Nikawaambia chuoni kwetu upo msikiti. Wakacheka. Lakini upo, ulijengwa miaka ya 1980 kwa fedha za Mfalme Khalid wa Saudi Arabia, na hapo ndipo nilipokuwa nikiswali Ijumaa kabla ya kurudi darasani.

Chuo chenyewe ni Shaw University, kipo Raleigh, North Carolina, katikati ya mji. Ni kidogo, cha wanafunzi elfu moja na ushei. Udogo huo una raha na karaha yake. Mwalimu anakujua kwa jina, anajua umetoka wapi, na usipoonekana darasani atakuuliza mbele ya watu. Oktoba waliohitimu zamani hurudi kwa wingi, wazee kwa vijana, wamevaa nyekundu iliyoiva na nyeupe, bendi inapita na matarumbeta, wali na kuku vinapikwa pembeni mwa uwanja. Mpira wenyewe wa Kimarekani sikuuelewa mpaka naondoka. Chakula cha bwalo nilikizoea upesi kuliko nilivyotegemea, maana watu weusi wa kule wanakula kunde na bamia, na asubuhi uji mzito wa mahindi, ambao wao wanautia siagi na chumvi. Mimi nilitia sukari, wakanishangaa.

Ila nilichorudi nacho ni historia ya mahali pale.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani iliisha mwaka 1865, na utumwa ukaisha nayo. Mwishoni mwa mwaka huo huo, Henry Martin Tupper, mchungaji kutoka Massachusetts aliyekuwa askari wa jeshi la Kaskazini, alianza kufundisha kikundi kidogo cha watu walioachwa huru katika chumba cha hoteli pale Raleigh. Baadaye yeye na wanafunzi wake waliingia msituni kukata miti ya kujengea. Wazungu wengi wa mji hawakutaka hata kumwona. Inasimuliwa kuwa usiku mmoja yeye na mkewe walijificha kwenye shamba la mahindi wakiwakimbia Ku Klux Klan, genge la Wazungu waliowatisha na kuwaua watu weusi. Mwaka 1870 chuo kikapewa jina la Elijah Shaw, tajiri wa viwanda vya sufu aliyetoa fedha za jengo la kwanza kubwa. Tupper alifariki mwaka 1893, na kaburi lake lipo pale pale chuoni. Wanafunzi wanapita pembeni yake kila siku wakienda kula.

Jengo nililolipenda ni Estey Hall. Ujenzi wake ulianza mwaka 1873, kwa ajili ya wanawake weusi wapate pa kulala na kusoma elimu ya juu, wakati ambapo hakuna aliyekuwa amewajengea jengo la namna hiyo popote Marekani. Ni la matofali mekundu, lina mnara mdogo juu. Mwaka huo 1873 watoto wa Bagamoyo tunaujua kwa sababu nyingine: ndio mwaka Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Nilikuwa nikikaa kwenye ngazi za Estey nikilifikiria hilo. Huku wanawake waliozaliwa utumwani wanajengewa chuo. Kule kwetu, mkataba au hakuna mkataba, misafara bado inashuka kutoka Ujiji na Tabora.

Shaw ilitoa madaktari pia. Shule yake ya tiba, Leonard, ilianza miaka ya 1880 na kufungwa 1918, ikiwa miongoni mwa za mwanzo nchini humo kuwa na masomo ya miaka 4. Mtu ambaye mama yake aliuzwa mnadani anakuwa daktari. Hili nilipomwelezea mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza walikuwa wanatibu watu wote au weusi tu. Swali zuri, na jibu lake mnalikisia.

Kuna mwanafunzi mmoja wa Shaw ambaye ndiye aliyenitia mchokoo huu wote, Ella Baker. Alihitimu 1927 akiwa wa kwanza darasani. Bibi yake alikuwa mtumwa, na aliwahi kupigwa viboko kwa kukataa kuolewa na mwanamume aliyechaguliwa na bwana wake. Ella alikua akisimuliwa hayo na bibi mwenyewe, bila kunong'onezwa, bila aibu. Mwaka 1960 vijana weusi walipoanza kuingia kwenye mikahawa ya Wazungu, wakikaa na kugoma kuondoka, yeye ndiye aliyewaita wakutane chuoni kwake wakati wa Pasaka. Martin Luther King alikuwepo, akahutubia, lakini Ella aliwasihi vijana wawe na chombo chao wenyewe, wasiwe mkia wa wakubwa. Pale Shaw ndipo ilipozaliwa SNCC, kamati ya wanafunzi ya kudai haki za weusi bila kutumia nguvu.

Wenzangu darasani walikuwa hivyo hivyo. Ukiwauliza habari za kwao wanaanza, bibi wa bibi yangu alikuwa mtumwa kwenye shamba fulani, kaunti fulani. Wanatamka wakiwa wameinua shingo. Kisha wananigeukia: wewe umetoka Bagamoyo, kwenu je?

Kwetu! Kwetu ukimwita mtu mtumwa umemtukana, na ugomvi wake unafika kwa mjumbe. Tuna kumbukumbu za utumwa kila kona, tunazionyesha kwa wageni kwa tiketi: Caravanserai, yaani kituo cha zamani cha misafara, minyororo ya makumbusho ya Misheni ya Wakatoliki, mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874. Waongozaji wetu ni hodari, wanasimulia mpaka mgeni analia. Ila sikiliza vizuri hadithi yenyewe. Watumwa wanatoka bara, wanapita, wanapanda jahazi, wanakwenda. Hakuna aliyebaki. Ukoo mmoja utakwambia ni Washomvi, Waswahili wa pwani wa zamani, mwingine watu wa Hadhramaut kule Yemen, mwingine Wazaramo wa tangu hapo. Waliolima mashamba ya minazi walikwenda wapi? Na wale watoto ambao mapadri wa Roho Mtakatifu waliwakomboa kuanzia 1868, wakawaweka kwenye kijiji cha uhuru, wakawaozesha wao kwa wao na kuwapa viwanja, hawakuzaa?

Tena si mambo ya kale sana. Utumwa kisheria ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mwaka huo Ella Baker alikuwa tayari Shaw anasoma.

Nilimuuliza mjomba wangu. Akaniambia, "Mwanangu, Marekani imekufundisha kufukua makaburi." Nilikasirika, lakini nimekaa nalo na naona ana hoja. Kule rangi ilikuwa imeshawatangaza, hata wangetaka kuficha wangefichaje? Huku mtumwa na bwana walisali safu moja, walisema lugha moja. Mtoto wa suria akikubaliwa na baba yake alizaliwa huru, akachukua ukoo wa baba. Kizazi cha pili, cha tatu, nani atajua? Kunyamaza kuliwapa watu wale nafasi ya kuoa, kurithi, kuitwa waungwana na kukaa barazani kama wengine. Kuna huruma ndani ya ukimya ule. Huruma hiyo imegharimu kitu, na naona walioilipia zaidi ni wanawake, maana wao ndio waliofutwa kwenye shajara ya ukoo ili watoto wao wapite.

Shangazi yake mama, ambaye macho yamekwisha lakini ulimi upo, alinisikia nikibishana na mjomba. Siku ya pili akaniita peke yangu. Akasema bibi yake aliletwa mtoto, hakumbuki kwao, na jina alilokuwa nalo alipewa hapa hapa: Faida. Mimi nimelisikia jina hilo nyumbani tangu utotoni nikidhani ni jina zuri tu. Nilimuuliza, faida ya nani? Akasema, "Ya aliyemnunua." Kisha akaomba tambuu.

Nimeanza kuandika haya kwenye daftari, kwa ruhusa yake. Najua si kila nyumba itataka, na sitamlazimisha mtu. Sitaki makumbusho wala mradi wa wafadhili, sina hata anwani ya ofisi. Shaw yenyewe siku hizi imo kwenye mvutano, ardhi yake ya katikati ya mji ina thamani, na mwaka 2023 jiji liliruhusu majengo marefu yajengwe hapo huku baadhi ya waliohitimu wakipinga. Lakini yale majina wanayo, hata jengo likienda.

Kama kwenu Dunda, Magomeni au Kaole yupo mzee anayekumbuka na yuko radhi kusema, mimi nipo barazani kwetu baada ya alasiri. Jina la ukoo nitaliacha nje. Mjomba naye huwa yupo, anakaa upande wa pili na gazeti lake, msimjali.