Kiangazi kimekwisha, mchanga bado uko garini

Joto la Muscat lilipotuzidi mwezi wa Julai, tulipakia gari tukashika njia ya Salalah, kusini mwa Oman. Karibu kilomita 1,000, na sehemu kubwa ni jangwa tupu, hata ngamia wa kumtazama humwoni. Halafu, baada ya mji wa Thumrait, ghafla ukungu na manyunyu! Watoto walitoa mikono nje wakipiga kelele.

Kitabu kilichonishinda tangu Ramadhani nilikimalizia kwenye bonde la Wadi Darbat, karibu na Salalah, chini ya mti, kurasa zimelowa.

Lakini kusema kweli, mimi nilifuata vile vibanda vya madafu na ndizi kando ya barabara. Nikafumba macho, nikajiona niko Unguja kwa bibi. Mke wangu akacheka: "Safari yote hii kwa dafu?"

Matatu, bibiye.