Ngazi ya sifuri ilivyotoweka ubaoni Wete

Mpwa wangu kaniuliza juzi: "Mjomba, kama tungamo la chembe linabadilika kila inapokwenda, nishati ya mwendo, p mraba juu ya 2m (p ni momenta, m ni tungamo), tunaiandikaje?" Nikamkumbuka Maalim, Wete, jioni moja ya masika.

Suali zito hilo. Katika fizikia ya kwanta, p ni opereta inayonyambua. Ukiihamisha m(x), tungamo la mahali x, mbele au nyuma yake unapata mlinganyo mwengine. Maalim alipita haraka: BenDaniel na Duke, 1966, waliiweka 1/m katikati ya p mbili. Zhu na Kroemer, 1983, waliigawa: 1/√m kushoto, 1/√m kulia, p mraba katikati. Mwaka huo huo von Roos akaziingiza zote kwenye fomula moja ya vipeo vitatu vya m vyenye jumla ya −1.

Kisha akatulia kwenye mfano mmoja. Chembe huru baina ya x = −1 na x = 1, m = 1/(1−x²): nyepesi katikati, na ikikaribia ukuta uzito hauna kikomo. Chukua ħ²/2 iwe 1 (ħ ni kipimo kisichobadilika cha Planck, kilichogawiwa kwa 2π). Mpangilio wa kwanza, wa BenDaniel na Duke, unatoa −[(1−x²)ψ′]′ = Eψ (ψ ni wimbi la chembe, E ni nishati yake), yaani mlinganyo maarufu wa Legendre wenyewe! Ngazi za nishati ni E = n(n+1): 0, 2, 6, 12. Ila lazima (1−x²)ψ′ iishie sifuri ukutani. Ukilisahau sharti hilo, jibu lenye logi linapenya na ngazi zote zinavurugika.

Akafuta nusu ya ubao. Mpangilio wa pili, wa Zhu na Kroemer, ulimtaka anyambue √(1−x²) mara mbili, na alifanya polepole, mstari kwa mstari, bila kuruka hata alama. Kilichozidi kilikuwa kitu kimoja tu: 1/(1−x²), kimejiongeza kama nishati ya mahali. Hiyo ni Legendre ambatani ya daraja la 1, ndugu wa mlinganyo ule wa mwanzo. Ngazi ni zile zile, n(n+1), lakini n inaanzia 1. Sifuri haipo tena. Wala sharti la ukutani halihitajiki, maana jibu baya linalipuka lenyewe.

Kwa tabaka za GaAs, nusu-kipitishi cha vifaa vya elektroniki, ambako elektroni ina tungamo la 0.067 ya elektroni huru, wengi hushika mpangilio wa kwanza: ψ na ψ′/m hazikatiki mpakani. Lakini Maalim alituonesha ngazi yenye E = 2. Kwa mpangilio wa kwanza ψ ni x, na katikati chembe haionekani kabisa. Kwa wa pili ni √(1−x²), na katikati ndipo inapopatikana zaidi. Nishati moja, makaazi mawili yanayopingana, na hesabu zote mbili ni sahihi.